Chipukizi Nililochagua Mwenyewe

Mtu akiniambia kwamba maua hutuliza moyo, namwomba aje Same wakati wa kiangazi, apande mwaridi uani kwake, halafu tukae tuongee. Upepo wa hapa hauvumi tu, unapekua. Unaingia chini ya mlango, unafunua sufuria, unageuzageuza nguo kwenye kamba kama mteja asiye na nia ya kununua. Udongo ukiumwagilia unameza maji na kubaki vile vile, kama kwamba hujafanya kitu. Maji ya bomba yana siku zake, na ya kisima yana chumvi ya kutosha kuungia makande. Katika mazingira hayo ndipo mimi, mwanamke wa vitunguu, niliyezoea mmea ambao ukishaung'oa unautia kwenye gunia na kuachana nao, nilijikuta nalea ua.

Sikulipanda kwa kupenda maua. Nililipanda ili mama yangu asirudi mlimani.

Mama alikuwa akiishi peke yake kwetu, juu ya Myamba, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Kule tuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia. Mama hajawahi kuiacha zamu yake impite. Siku aliyovunjika mguu mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, shamba limelowa mpaka migomba inatiririka, naye akachukua jembe akaenda kufungulia maji, kwa sababu zamu ni zamu, na ukiiacha leo kesho kuna mtu atasema huihitaji. Aliteleza kwenye tope la kijia. Maji aliyokuwa anayafuata yalikuwa yameshamzunguka pande zote.

Nikamleta Same. Mguu ukaunga, lakini hospitali wakaona na presha, wakampa siku za kliniki. Mimi nikampa chumba cha mbele, chenye dirisha la uani. Nikadhani mambo yamekwisha.

Alianza na joto. Akaja kwenye vumbi, akapita kwenye chumvi ya maji, akakaa kwa muda kwenye makelele ya malori ya barabara kuu, kisha akafika alikokuwa anakwenda siku zote: "Hewa ya hapa haina harufu."

"Ina harufu ya vitunguu, mama. Mimi ninayo mpaka kwenye nywele."

"Hiyo ni kazi. Mimi nasema harufu."

Alikuwa anasema mwaridi wake. Alipewa mche na mke wa mchungaji kabla mimi sijazaliwa, ukiwa ndani ya kopo la maziwa, akaupanda kwenye nguzo ya baraza. Mwaridi ukapanda nguzo, ukashika paa la jiko, ukashukia upande wa pili kama unaotafuta njia ya kuondoka. Maua yake ni ya pinki ile ya fizi za mtoto mchanga. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, harufu yake inaingia jikoni kabla ya mtu yeyote. Hainukii kama sabuni. Inanukia kama kitu cha kuliwa ambacho hujawahi kupewa. Nimekua na harufu hiyo bila kuisikia, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani, na ilipotajwa ndipo nikaikumbuka, na kukasirika kwamba naikumbuka.

Kila baada ya muda nilimkuta amefunga khanga zake kwenye furushi, limewekwa mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Na hapa ni kwa nani?"

"Kwako. Ndiyo maana shuka lako nimelikunja nikaliacha kitandani."

Mwaka juzi, mvua za vuli zilipoanza kunusa milimani, furushi lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Sufuria ilikuwemo. Nikajua leo siyo mchezo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mlango, maana pale mlangoni hata mteja hatoki kabla hatujaelewana.

"Niambie kitu gani kitakufanya ukae."

"Niletee hewa ya kwangu."

"Hewa haibebwi."

"Basi mwaridi unabebwa."

Tukaanza kupatana. Masharti yalikuwa hivi: nitoe mwaridi kwake, niupande chini ya dirisha lake. Ukichanua pinki na kunukia, anakaa Same, na neno la kurudi mlimani halitatajwa tena ndani ya nyumba yangu. Usipochanua, nampandisha mwenyewe, kwa heshima, kwenye gari na si bodaboda, na mimi ndiye nisiyetaja tena neno la kumshusha. Muda tuligombania. Yeye alitaka vuli ile ile, mimi nikataja vuli ya tatu, tukakutana katikati: vuli ijayo, mvua zikikatika, hesabu inafungwa. Alikubali, akafungua furushi, akatoa sufuria akainjika maharage. Nilirudia masharti mara mbili nihakikishe hakuna tundu. Sikuliona.

Nikapanda gari la mlimani. Linazunguka kwa chini, linapita mashamba ya mkonge, kisha linaanza kupanda na abiria wote wananyamaza kwa pamoja, hata wale waliokuwa wanabishana siasa. Nilifika jioni, ukungu umeshuka. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye kiwanja chake kimepakana na cha mama, ndiye aliyebaki analinda nyumba. Nilimkuta barazani kwa dada yake, amekaa kama kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Na hicho kisu umekishikia nini?"

Mwaridi ulikuwa umechanua nusu, na kwenye nguzo, kimo cha mkono, palikuwa pamefungwa jani la isale. Kwetu jani hilo likishafungwa kwenye kitu hakiguswi mpaka aliyelifunga alifungue. Hata mlevi anayepita na njaa kwenye mkungu wa ndizi analijua. Mjomba alikuwa amelifunga kwa sababu ya watu wa kipaimara na watu wa harusi, ambao wanachuma maua ya watu kama kwamba Mungu ndiye aliyewaagiza.

"Mwaridi ni wa mama," nikasema.

"Mwaridi ni wa mama yako. Jani ni langu."

Tukapatana juu ya jani. Alitaka nimteremshie tangawizi yake Same niiuze bila kujikatia chochote. Mimi nilitaka kujikatia, na debe la maharage juu. Tulikwenda mpaka chai ikapoa. Mwishowe akafungua jani, akachukua kisu changu, akachagua tawi lililokuwa limemaliza kuchanua, akakata vipande vitatu, vyembamba, vya urefu wa kiganja.

Nikavitazama.

"Mjomba, hivi ni vya kuchokolea meno."

"Hivyo ndivyo vinavyoshika."

"Nimekaa kwenye gari kutwa nzima nije kupewa vijiti?"

Nilikuwa nimeshaona ninachokitaka. Chini kabisa, kwenye shina, lilikuwa limetoka chipukizi nene, limenyooka kama mpini wa mkuki, la kijani, limejaa maji, na kwenye kisigino chake limeshaanza vimizizi. Likiwa sokoni, mtu mwenye macho angeacha vyote alivyoshika akalikimbilia.

"Nataka lile."

Mjomba akalitazama, akanitazama. "Lile?"

"Lile."

"Umeliangalia vizuri?"

"Mara mbili."

"Vizuri ni hivi vitatu. Usije kusema hukuambiwa."

Sasa mimi nimekulia sokoni. Namfahamu mtu anayekusukumia kidogo akikisifia, ili kikubwa kibaki kwake. Nikasimama kidete. Mjomba hakubishana zaidi, jambo ambalo kwa Mpare ni dalili ya ugonjwa, lakini nami nilikuwa nashangilia moyoni, sikuipima. Alichimba taratibu, akalitoa na mizizi yake, akalifunga kwa gome la mgomba lililolowa. Vile vijiti vitatu akavichomeka mwenyewe kando ya jiko. Nikashuka na chipukizi, tangawizi na debe la maharage, najiona nimeupunja ukoo mzima.

Mama alilipokea mlangoni. Akafungua gome, akapitisha kidole gumba kwenye jani, polepole, akilinyoosha.

"Umechagua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Lina nguvu," akasema, akanirudishia.

Nikalichukulia kuwa ni sifa.

Kilichofuata ni mwaka wa kuudhiwa na mmea. Nilichimba shimo la kutosha kuzikia mbwa, nikajaza samadi iliyooza na mchanga wa korongoni. Mchwa wakaja siku ya pili. Nikamwaga majivu, wakahamia upande wa pili na kusubiri. Maji ya kisima yaliacha utando mweupe juu ya udongo, ikabidi nilinyweshe maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea vyombo, na yale ya bomba niliyokuwa nayawekea akiba ya kunywa. Nilioga kwa kopo ili ua lishibe. Upepo ulilala juu yake kutwa, nikalijengea kinga kwa nyavu za magunia ya vitunguu, na uani kwangu pakawa kama kuna mgonjwa aliyelazwa.

Jirani yangu, anayepika vitumbua asubuhi na kufuga mbuzi wasiokuwa na adabu, alikuwa akisimama upande wa pili wa ua wa michongoma na kutoa maoni.

"Huyo mgonjwa anaendeleaje?"

"Jirani, mbuzi wako amekula ncha."

"Amekula, au amekupunguzia?"

"Nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Nenda. Nyie watu wa mlimani mnauza ng'ombe mpate nauli ya kumshitaki kuku."

"Na wewe babu yako alitoka wapi?"

"Huko huko. Ndiyo maana alishuka."

Alikuwa na binti wa kuozesha, na alikuwa ameshaamua kwamba mawaridi yangu ndiyo yatakayopamba chumba cha bibi harusi. Nilimwambia maua hayajatoka. Akasema harusi pia haijafika. Nikamwambia mbuzi wake ameshachukua fungu lake la harusi. Akasema mbuzi ni wa upande wa bwana.

Lakini chipukizi halikufa. Hilo ndilo lililonimaliza, maana lingekufa mapema ningepumzika na kutafuta mbinu nyingine. Masika yalipopita lilishika waya wa dirisha, likapita, likaingia chini ya bati. Fimbo zake zilikuwa ndefu kuliko mimi. Miiba yake ilichana gauni langu la kwendea kanisani, ikachana mkono wa kijana wa mkokoteni wa maji, ikashika khanga ya mama na kukataa kuiachia. Lilikuwa kijani kote. Kijani kilichonona, kisicho na aibu. Ua hakuna.

Ushauri ukaanza kuja bila kuombwa. Mmoja akasema nizike misumari yenye kutu. Mwingine akasema maganda ya mayai. Mteja wangu wa muda mrefu, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mmea unaokataa kuzaa hutishwa kwa panga, unaupiga bapa mara moja na kuusema. Siku moja nilirudi kutoka mnadani, jua limenipiga, gunia zima limeoza, nikachukua panga nikaupiga bapa na kuusema. Nikageuka nikamwona mama dirishani.

"Unaugombeza wa nini?" akauliza. "Mti hauna kosa."

Alikuwa mwema kwa mti ule kupita kiasi. Nikiwa sokoni aliumwagilia mwenyewe. Aliufunga fimbo kwa vitambaa. Jambo moja tu hakufanya: hakutoa ushauri, na mama yangu hutoa ushauri hata kwa dereva wa basi. Nilipaswa kusikia ukimya ule. Nilikuwa na kazi ya kuhesabu vichomozo: nikivihesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na kila mara nikakuta vyote ni majani.

Vuli ya makubaliano ikafika. Mvua ya kwanza ilinyesha vizuri, na baada yake nikaona, kwenye fimbo iliyokuwa juu ya dirisha, vifundo. Vingi, vidogo, vimekaa kwa vichala kama zabibu changa. Nilihesabu, nikarudia, nikapata hesabu mbili tofauti na nikafurahia zote. Sikumwambia mama. Nilinunua sukari nzuri. Nilimwambia jirani ajiandae na mkasi, na kwamba amfunge mbuzi wake. Nilijiona nimeshinda, na nikaanza kupanga nitakavyokuwa mpole baada ya ushindi.

Vilifunguka asubuhi moja, vyote karibu kwa pamoja. Nilitoka na chai mkononi.

Vilikuwa vyeupe. Vimaua vyembamba vya petali tano tano, vidogo kama vifungo vya shati, katikati njano. Nikasogeza pua, nikachomwa na mwiba, nikanusa. Vilinukia jani lililolowa. Nikaenda kwenye kichala kingine nikidhani hiki ni kibaya. Nikaenda cha tatu.

Dirisha likafunguka juu ya kichwa changu.

"Vimechanua," akasema mama.

"Ni vyeupe."

"Naona."

"Mama, wako ni pinki."

"Wangu ni pinki. Hesabu majani."

"Majani gani?"

"Kikonyo kimoja kina majani mangapi?"

Nikahesabu. Saba. Nikarudia, saba.

"Wangu una matano," akasema. "Mwaridi ule umebebeshwa, kama hizi parachichi za kisasa. Juu ni ua, chini ni shina la porini, la kulitia nguvu tu. Machipukizi yanayotoka chini ni ya porini. Kila mwaka nayakata nalisha mbuzi."

Nikaweka kikombe chini, maana kilikuwa kinanimwagikia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipofungua lile gome."

"Mwaka mzima."

"Hukuniuliza. Nilikuuliza kama umechagua mwenyewe, ukasema mwenyewe."

Nilikasirika hasira ile ambayo mtu hajui aanze na nani. Nikamwambia makubaliano yamevunjika, maana ameficha ubovu wa bidhaa, na hata sokoni muuzaji akificha ubovu bidhaa inarudishwa. Akaniambia muuzaji ni nani hapo, mimi ndiye niliyekwenda, nikachagua na kubeba. Tukabishana asubuhi yote, yeye dirishani, mimi uani, na jirani kwenye michongoma akiwa amesahau vitumbua vyake mpaka vikanuka kuungua, ikawa ndiyo harufu pekee tuliyoipata siku ile.

Kwa bahati, au kwa balaa, mjomba alikuwa anateremka wiki ile. Ana kesi ya mpaka na shemeji yake, kuhusu mstari wa masale yaliyopandwa kuwa alama ya mpaka, aliosema ulihamishwa kidogo kidogo kila msimu, na kesi hiyo imemfanya aifahamu mahakama ya Same kuliko makarani. Nikasema vizuri, yeye aamue. Mama akasema vizuri, yeye aamue. Kwa nini nilikubali kuhukumiwa na mtu aliyechimba chipukizi lenyewe, sijui. Hasira humfanya mtu asisome masharti.

Alikuja, akala makande sahani mbili, akaomba ya tatu ili kusikiliza vizuri. Nikaeleza. Mama akaeleza kwa kifupi. Mjomba akatoka nje akautazama mwaridi, akarudi akafuta mikono.

"Nilikupa vijiti vitatu au sikukupa?"

"Ulinipa. Hukuniambia lile ni la porini."

"Nilikwambia vizuri ni hivi. Ukaniona mwizi." Akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. "Vile vijiti nilivichomeka kando ya jiko. Viwili vimechanua. Pinki."

Akaamua: makubaliano yasimame, mama apande.

Ndipo nikaacha kubishana juu ya mwaridi na kusema nilichokuwa nakisema tangu mwanzo bila kukisema. Nilimwambia mama atateleza tena. Kwamba kule usiku hakuna gari, kliniki ni mbali, na mimi nitakuwa nimelala huku chini sijui kama amekula. Kwamba mguu uliounga si mguu mpya. Nilisema mengi.

Mama alingoja nimalize.

"Mwanangu, siku ile tulipopatana nilikuwa nataka kweli," akasema. "Ungeniletea mwaridi wangu ningekaa. Uliponiletea ule, nikasema sawa, nipate mwaka niangalie." Akanyoosha khanga magotini. "Nimeangalia. Wewe unatoka kabla hapajakucha, unarudi giza limeingia. Ukiwa mnadani nakaa na upepo. Kule nikichelewa kufungua mlango, kabla jua halijafika migombani kuna mtu ameshagonga kuuliza nina nini. Siku niliyovunjika mguu sikulala chini hata dakika za kuchemsha chai. Waliniona kwa sababu ilikuwa zamu yangu na maji hayakuwafikia waliofuata. Walikuja kunigombeza, wakanibeba."

"Na hapa?"

"Hapa mwezi uliopita nilianguka bafuni. Nilikaa pale mpaka uliporudi, nikakwambia nafua."

Nilikumbuka siku hiyo. Nilimkuta amekaa sakafuni bafuni na nguo mbili ndani ya beseni, nikamlaumu kwa kumwaga maji niliyouwekea mwaridi.

Mjomba akashika sahani yake kana kwamba ina jambo la kusoma. Kisha mama akauliza kama ile sukari nzuri niliyonunua inabaki au inapanda mlimani, na nikasema inapanda.

Nilimpandisha mwenyewe, kwa gari kama tulivyopatana, kiti cha mbele. Njia nzima alimshauri dereva. Tulipofika wanawake wa jirani walikuwa wameshajua, sijui kwa simu ya nani, na walikuwa jikoni kwake wamewasha moto. Walimsalimia yeye kwanza, kwa kirefu, kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, na kwa mikono. Mimi wakanisalimia kwa kuniuliza nani aliniruhusu kukaa na mtu wao miaka miwili. Nilijieleza. Hawakuridhika. Mama alikuwepo, anasikia, hakunitetea hata kwa neno moja. Alikuwa anawaelekeza wapi pa kuweka sufuria yake, na mguu haumsumbui, au ameyaficha maumivu vizuri.

Asubuhi, kabla ya gari la kushuka, tulikaa barazani na kupatana upya, kwa sababu jambo la kliniki lilikuwa halijafungwa. Nilitaka kila tarehe ya kliniki nimfuate, alale kwangu usiku mbili apumzike. Akasema usiku mmoja. Nikasema mbili, kwa ajili ya mguu. Akasema mguu ni wake. Nikasema barabara ikinyeshewa gari halipandi, atalala anakolala. Akafikiri.

"Usiku mmoja," akasema. "Mvua ikinyesha, mbili. Na kesho yake usiende mnadani."

Tukapeana mikono. Nilirudi Same, kwenye mabonde yale yale, vumbi na malori. Na tangu hapo mimi, mfanyabiashara wa vitunguu, ambaye tone moja la mvua humharibia gunia zima, kila tarehe ya kliniki ikikaribia natoka nje asubuhi, natazama upande wa milima, na kuomba mawingu yashuke.